Nimedahiliwa Ualimu wa Sayansi, nataka kuhamia Uhandisi wa Kompyuta. Anayezuia hasa ni nani: chuo, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) au Bodi ya Mikopo?

#1 Binti_wa_Nansio
Habari zenu wakuu.

Niko mwaka wa kwanza, hii ni wiki ya pili tangu tufungue. Kidato cha sita nimesoma PCM, nikapata Fizikia D, Kemia C, Hisabati C. Kwenye maombi chaguo la kwanza niliweka Uhandisi wa Kompyuta, la pili Uhandisi wa Umeme, la tatu Shahada ya Sayansi na Ualimu. Nikapata la tatu, nikathibitisha siku hiyohiyo kwa sababu nyumbani waliogopa nisije nikakosa yote. Mkopo nimepata, ada yote na bumu (hela ya kujikimu).

Sijawahi kujiona mbele ya darasa. Tangu kidato cha tatu nafungua simu na redio za watu kule kisiwani, wavuvi wananiletea zilizoingia maji na nyingi zinapona. Hapa hosteli naishi na binti wa Uhandisi wa Kompyuta. Juzi nimekaa na madaftari yake mpaka saa 8 usiku, sikusikia hata usingizi.

Nimezunguka siku tatu. Mratibu wa kozi ninayoitaka kasema nenda udahili. Udahili wakasema dirisha la kuhama linategemea kalenda ya TCU. Dawati la mikopo wakaniambia ukihama mkopo ukayumba usirudi kutulaumu. Baba yangu, mvuvi, anasema mkopo umekuja kwa jina la ualimu, nikiuacha ualimu nimeuacha na mkopo.

Naomba mwenye uhakika aniambie: mwenye neno la mwisho ni nani? Na mkopo unahama na mtu au unabaki kwenye kozi?

#2 Mtu_wa_Pwani
Mwenye neno la mwisho ni TCU. Wao ndio wanaopanga wanafunzi vyuoni, chuo hakina kauli. Andika barua TCU.

#3 Kalamu_Nyekundu
Mtu_wa_Pwani, hiyo ni habari ya zamani. TCU walikuwa wanapanga enzi za ule mfumo wa pamoja wa udahili, ulioanza mwaka wa masomo 2010/11. Kuanzia 2017/18 mwombaji anaomba chuoni moja kwa moja, chuo kinachagua, kisha kinapeleka majina TCU kuhakikiwa kama wana sifa. Kwa hiyo kuhama ndani ya chuo kilekile kunaanzia chuoni na kunaishia TCU kwa uhakiki. Akienda na barua TCU watamrudisha palepale alipotoka, na nauli imekwenda.

#4 Mtu_wa_Pwani
Sawa mkuu, nimesahihishwa. Mimi niliingia 2012, nilipangwa na mashine.

#5 Mzee_wa_Sapu
Dada, C ni pointi 2 na D ni 1. Una pointi 5 tu. Uhandisi hupati, tulia ualimu.

#6 Kalamu_Nyekundu
Mzee_wa_Sapu usimvunje mtoto wa watu moyo kwa hesabu isiyo yake. C kuwa 2 na D kuwa 1 ni kwa waliomaliza kidato cha sita 2014 na 2015, wakati wa zile B+. Waliomaliza kuanzia 2016 hesabu yao ni A 5, B 4, C 3, D 2, E 1, S nusu. Binti ana 3 na 3 na 2, jumla 8. Kwa masomo mawili tu, Hisabati na Fizikia, ana 5. Kiwango cha chini cha kuingia shahada kwa kozi nyingi ni pointi 4 kwenye masomo mawili. Sifa anazo.

#7 Mzee_wa_Sapu
Mimi ni wa 2015 jamani, nilidhani wote tunahesabu sawa. Dada samahani.

#8 Fundi_Saa
Mzee wa B+ 😂 Karibu kidato cha sita upya.

#9 Mama_Wawili
Ngojeni kwanza. Kuwa na sifa na kupata nafasi ni vitu viwili. Nilifanya kazi ofisi ya udahili kwenye chuo kimoja (sikitaji) miaka sita, acha nieleze tunavyofanya.

Kila kozi ina idadi ya wanafunzi iliyoidhinishwa na TCU. Idadi hiyo haitoki hewani. Inaangalia wahadhiri waliopo, viti vya maabara, madarasa. Uhandisi wa Kompyuta ikiwa imeidhinishiwa watu 80 na waliosajiliwa ni 80, hata mtoto wa nani hahami. Ila wiki mbili za mwanzo wapo wanaopangiwa na hawaripoti. Mwingine kapata ufadhili nje, mwingine kachagua chuo kingine, mwingine kakosa ada. Hapo ndipo nafasi za kuhamia zinapotoka. Usajili ukifungwa tunahesabu: walioripoti 71, zipo nafasi 9, waombaji wa kuhamia 60.

Sasa hao 60 unawachuja vipi? Unachukua pointi za mtu wa mwisho aliyechaguliwa kozi ile mwaka ule. Aliye chini yake unamweka pembeni, kwa sababu ukimwingiza umewadhulumu walioomba kozi hiyo wakaachwa wakiwa na pointi nyingi kuliko yeye. Waliobaki unawapanga kwa alama mpaka 9 zijae.

Kwa hiyo binti, swali la kumuuliza mratibu ni moja: mtu wa mwisho kuchaguliwa mwaka huu alikuwa na pointi ngapi? Ukishalijua hilo umejua nusu ya safari yako.

#10 Binti_wa_Nansio
Mama_Wawili asante sana. Hili hakuna aliyeniambia kwa siku zote tatu. Kesho asubuhi naenda kuuliza hivyohivyo.

#11 Jongoo_Mkweli
Mama kaeleza vizuri, ila ni maelezo ya kwenye karatasi. Mimi nilikuwa na pointi 11, niliomba kuhama kutoka Takwimu kwenda kozi nyingine ya sayansi. Nikaambiwa hakuna nafasi. Wiki ya sita nikamkuta kijana tuliyesoma naye Takwimu yuko huko, na pointi zake nazijua. Mjomba wake alikuwa mtu wa ofisini. Kwangu mimi jibu la swali lako ni hilo: anayezuia ni asiyekujua.

#12 Mama_Wawili
Jongoo sikukatalii, nimeyaona pia, na yaliniuma. Ila nimeona pia watu wengi waliosema "ni kujuana" kumbe fomu yao haikuwa na sahihi ya mkuu wa idara anayotoka. Fomu ina sahihi mbili, anayekuachia na anayekupokea. Ikikosa moja inabaki kwenye trei, na hakuna atakayekupigia simu.

#13 Jongoo_Mkweli
Yangu ilikuwa na sahihi zote mbili. Nakala ninayo mpaka leo.

#14 Pasi_Ndefu
Turudi kwenye mkopo maana ndio roho ya mada.

Mkopo unahama na mtu. Bodi inamkopesha mwanafunzi, si kozi. Nilihama kutoka Sosholojia kwenda Sheria wiki ya tatu, chuo hichohicho, na mkopo ulinifuata. Ila hakuna aliyenionya kwamba unafuata kwa miguu. Jina langu lilibaki kwenye orodha ya kozi ya zamani. Wenzangu wanasaini bumu la robo ya kwanza mimi simo kokote, Sosholojia nimetolewa na Sheria sijaingia. Nilikaa wiki saba. Nikawa napiga pasi ndefu kila siku, nakunywa maji asubuhi, nakula ugali maharage saa 9 alasiri, imetoka mpaka kesho. Ndiyo asili ya jina langu humu.

Kwa hiyo binti, kabla hujarudisha fomu hakikisha una akiba ya kula miezi miwili. Na barua ya kukubaliwa kuhama ikitoka usiitie begini ukaenda nayo darasani. Ipeleke dawati la mikopo siku hiyohiyo, waonyeshe, bakiza nakala.

#15 Kalamu_Nyekundu
Naongezea kwa Pasi_Ndefu. Mkopo unakufuata, lakini kiasi kinaweza kubadilika. Ada za kozi hazilingani. Kozi mpya ikiwa na ada kubwa, usidhani tofauti italipwa yenyewe, uliza mapema. Pia mwongozo wa Bodi kwa miaka mingi umewapa kipaumbele ualimu wa sayansi na hisabati, afya na uhandisi. Binti anatoka ualimu wa sayansi anaingia uhandisi, kote anatoka kwenye kipaumbele anaingia kwenye kipaumbele. Angekuwa anahamia kozi nyingine ningemwambia afikiri mara tatu.

#16 Shamba_Darasa
Wazo langu ni tofauti na la wote. Usihame sasa hivi. Soma ualimu mwaka mmoja, piga GPA (wastani wa alama za chuo) ya 4 na kitu, halafu omba kuhama ukiwa na matokeo mkononi. Hapo hakuna atakayekukatalia.

#17 Mwana_Kilosa
SHAMBA_DARASA TAFADHALI USIMPE MTU USHAURI HUO. Samahani kwa herufi kubwa, ila ushauri huohuo niliupewa mimi na ulinigharimu miaka miwili.

Niliambiwa hivyohivyo na kaka mmoja wa mwaka wa tatu. Nikasoma kozi nisiyoipenda kwa nguvu zote, nikamaliza mwaka na GPA 4.1. Kwenda kuomba, nikaambiwa masomo uliyosoma hayaingiliani na kozi unayotaka, kwa hiyo ukihama unaanza mwaka wa kwanza. Nikasema sawa, nitaanza. Nikajiondoa, nikaomba upya. Nikadahiliwa vizuri. Mkopo sasa! Bodi ilishanilipia mwaka mzima, na utaratibu ukawa kwamba aliyeacha masomo akiwa na mkopo arejeshe kwanza asilimia 25 ya alichopokea ndipo aombe tena. Mama yangu anauza mboga sokoni Kilosa. Asilimia 25 ya mkopo wa mwaka ilikuwa zaidi ya mtaji wake wote. Nikakaa nyumbani mwaka, nabeba matofali, nikarejesha, ndipo nikaingia.

Kuhama ni wiki hizi za mwanzo au basi. Dirisha likifungwa unazungumza lugha nyingine kabisa.

#18 Shamba_Darasa
Pole sana ndugu yangu. Sikujua hilo la 25. Naufuta ushauri wangu.

#19 Fundi_Saa
Usiufute, uache hapo na wengine wasome jibu lake.

#20 Kasuku_wa_Minneapolis
Salaam kutoka Minnesota. Nawasoma huku nashangaa mfumo wetu. Huku mtoto anaingia chuo hajatangaza fani kabisa. Anasoma hisabati, historia, biolojia, anaonja, na vyuo vingi vinamtaka atangaze fani mwishoni mwa mwaka wa pili. Ripoti ya takwimu za elimu ya serikali yao ya 2017 ilionyesha karibu theluthi moja ya wanaosoma shahada walikuwa wamebadili fani angalau mara moja ndani ya miaka mitatu. Hakuna anayelia. Sisi tunamfunga mtoto wa miaka 19 kwa masomo aliyoyachagua akiwa na 16.

#21 Ndugu_Baharia
Kasuku, na huko si uhuru mtupu. Binamu yangu yuko California. Pale Chuo Kikuu cha Berkeley, Kompyuta ilikuwa unaingia bila kutangaza, unasoma masomo matatu ya mwanzo, usipofikisha wastani wa 3.3 hutangazi fani hiyo. Watoto wakawa wanalala maktaba. Baadaye wakabadili, kuanzia wanaoingia 2023 wanachagua wa Kompyuta tangu kwenye maombi. Uuguzi na uhandisi vyuo vingi vya huko ni hivyohivyo. Kozi yenye foleni ina mlango mwembamba popote duniani.

#22 Kasuku_wa_Minneapolis
Kweli hilo, Kompyuta na uuguzi ni vita hata hapa kwetu. Ila aliyekosa anahamia takwimu au hisabati na masomo aliyofaulu anakwenda nayo. Haanzi sifuri kama Mwana_Kilosa.

#23 Kilifi_Asubuhi
Hamjambo. Mimi ni Mkenya, niruhusuni nichangie. Kwetu KUCCPS, shirika la serikali la kupanga wanafunzi vyuoni, ndio wanaopanga, na baada ya kupangwa wanafungua muda wa kuhama kutoka chuo hadi chuo kwenye tovuti yao. Sharti ni alama zako za klasta (za masomo yanayohusu kozi), zile za juu kabisa 48, zifikie kiwango cha mwisho cha kozi hiyo mwaka huo, na nafasi iwepo. Chuo unachotoka na unachoingia vyote vikubali. Kuhama kitivo ndani ya chuo kimoja ni kazi ya chuo chenyewe. Ukiangalia, ni kama alivyosema Mama_Wawili, mtu wa mwisho ndiye kipimo. Dada yangu alikosa udaktari wa meno kwa nukta, si pointi. Nukta!

#24 Fundi_Saa
Kilifi karibu. Hiyo hesabu ya nukta ingeletwa Bongo, Mzee_wa_Sapu angelia.

#25 Mzee_wa_Sapu
Niacheni 😂

#26 Mwanajangombe
Sie wa Zanzibar tunaolipiwa na Bodi yetu ya huku, iliyoanzishwa 2011, mambo yetu ni mengine. Mdogo wangu alihama kozi chuo cha bara, chuo kikamkubalia, TCU sawa, akasahau kwamba aliyemlipia ni Bodi ya Zanzibar. Ilibidi apande boti na barua mkononi. Binti hilo halikuhusu, nawaandikia wenye kulipiwa kama sisi.

#27 Mwalimu_wa_Ruvuma
Nimesita kuandika kwa sababu sitaki ionekane namvuta binti abaki. Lakini naombeni mnisikilize.

Miaka kumi na moja iliyopita nilikuwa yeye. PCM, nikataka Uhandisi wa Umeme, nikapata Sayansi na Ualimu, Fizikia na Hisabati. Nikaomba kuhama, nikakosa. Nililia bwenini mpaka mlinzi akaja kuuliza nani kafiwa.

Leo nafundisha Fizikia shule ya sekondari mkoani Ruvuma. Nina watoto 140 kidato cha tatu. Mwalimu wa Fizikia niko peke yangu. Mwaka juzi binti mmoja, mtoto wa mkulima wa mahindi, alitengeneza kengele ya mwizi kwa betri za redio na waya wa mwavuli. Akaja nayo ofisini akiwa anatetemeka kwa furaha. Mikono ile ya Binti_wa_Nansio, ya kufungua simu za wavuvi, ndiyo niliyoiona siku ile.

Nafundisha na bado natengeneza. Jumamosi nafunga sola za watu. Sijutii, ila sitasema sikuumia. Miaka mitatu ya kwanza nilikuwa nikipita karibu na nguzo ya umeme naangalia chini.

Binti, nenda kajaribu kuhama, ni haki yako. Ila ukikosa, usije ukaamini kwamba umetupwa.

#28 Binti_wa_Nansio
Mwalimu, nimesoma mara mbili. Shikamoo. Nimemsomea na mwenzangu chumbani akanyamaza kimya.

#29 Mwalimu_wa_Ruvuma
Marahaba mwanangu.

#30 Dereva_wa_Usiku
Mwalimu kasema vizuri lakini msimfiche binti hali ya ajira. Zamani ualimu wa sayansi ulikuwa unamaliza unapangiwa kituo. Siku hizi walimu nao wanaitwa usaili na Sekretarieti ya Ajira kama kada nyingine, wanakaa kwenye madawati wanafanya mtihani. Kwa hiyo hoja ya baba yake kwamba ualimu ni uhakika, uhakika huo umepungua.

#31 Shamba_Darasa
Na wahandisi wa kompyuta wanaokaa nyumbani je? Mtaani kwetu wapo watatu, mmoja anauza vocha.

#32 Dereva_wa_Usiku
Sijasema huko kuna asali. Nasema asibaki kwa sababu ya ahadi ambayo haipo tena.

#33 Nyota_ya_Alfajiri
Mimi ni mfano wa upande mwingine, nauleta kwa sababu ukweli ni ukweli. Nilihama kutoka Kilimo kwenda Sayansi ya Kompyuta wiki ya nne. Nilipenda kompyuta kwa kuwa nilikuwa najua kupiga chapa na kusakinisha programu kwenye steshenari ya shemeji. Nikadhani ndiyo hiyo. Wiki nne za vipindi zimenipita, somo la kwanza la kuandika programu wako mbali, test ya kwanza nikapata 7 kwa 40. Semista ya kwanza sapu (mitihani ya kurudia) tatu, ya pili nne. Nikadisko, yaani nikaondolewa masomoni.

Tatizo halikuwa kuhama. Tatizo ni kuhama nimechelewa na kutojua ninachohamia. Binti kakaa na madaftari mpaka saa 8 usiku na akaelewa, hilo ni jambo kubwa kuliko pointi. Mimi sikuwahi kufungua daftari la mtu kabla ya kuhama.

#34 Jongoo_Mkweli
Nyota pole. Uko wapi sasa?

#35 Nyota_ya_Alfajiri
Nimerudi Kilimo, chuo kingine, kwa kujilipia. Mwaka wa pili. GPA 3.8.

#36 Pasi_Ndefu
Hongera sana! Kuanzia 3.5 ni daraja la pili la juu, endelea hivyo.

#37 Mzazi_Mwenza
Nasoma kama mzazi. Yule baba mvuvi msimhukumu. Sisi wazazi tunaona neno "mkopo" tunasikia deni. Mwanangu akianza kazi anakatwa 15% ya mshahara mpaka liishe, na akiongeza mwaka mmoja wa masomo deni linapanda. Uhandisi ni miaka minne, ualimu ni mitatu. Huo mwaka mmoja baba kauhesabu, hata kama hakusema.

#38 Mwana_Kilosa
Mzazi_Mwenza umegusa penyewe. Ila afadhali mwaka wa nne unaoujua kuliko mwaka wa kubeba matofali.

#39 Kalamu_Nyekundu
Kuna njia ya tatu hamjaitaja. Ualimu wa sayansi una masomo mawili ya kufundishia, na vyuo kadhaa vina Hisabati na Kompyuta. Kubadili somo la kufundishia ndani ya shahada hiyohiyo ni rahisi mno kuliko kuhama shahada. Akikosa Uhandisi aombe kutoka Fizikia na Hisabati kwenda Hisabati na TEHAMA. Mkopo hauguswi, miaka haiongezeki.

#40 Mtu_wa_Pwani
Safari hii Kalamu nakubaliana naye bila kusahihishwa.

#41 Jongoo_Mkweli
Njia ya tatu nzuri, ila ni ile ile ya kumtuliza mtu. Anataka uhandisi, msimpe ualimu wenye harufu ya kompyuta.

#42 Kilifi_Asubuhi
Jongoo, mbona wewe mkali hivi? 😄

#43 Jongoo_Mkweli
Mimi si mkali Kilifi. Nilikubali njia ya tatu yangu, nikamaliza Takwimu, naifanyia kazi, inanilisha. Na kila mwaka Novemba dirisha likikaribia naingia humu kuwaambia watoto wajaribu la kwanza kwanza.

#44 Binti_wa_Nansio
Nimerudi na habari.

Nimemuuliza mratibu kama Mama_Wawili alivyonielekeza. Kwanza alinitazama, akauliza nani kanifundisha kuuliza hivyo. Akafungua daftari. Mtu wa mwisho kuchaguliwa ana pointi 8, lakini Hisabati yake ni B. Waliochaguliwa na hawajaripoti mpaka leo ni 11, usajili unafungwa Ijumaa, kwa hiyo namba inaweza kushuka. Walioonyesha nia ya kuhamia kwa mdomo ni zaidi ya 30.

Nikamwambia kuhusu simu za wavuvi. Akaniuliza simu iliyoingia maji ya ziwa na iliyoingia maji ya bahari ipi ngumu kupona, nikamjibu ya bahari kwa sababu ya chumvi, inakula shaba upesi. Akacheka. Ila akasema kuchuja ni kwa alama, mazungumzo hayamo kwenye fomu.

#45 Mama_Wawili
Pointi 8 kwa 8. Mkilingana, vyuo vingi huangalia somo la msingi, na hapo Hisabati B inakushinda. Ila wewe hushindani na yeye, yeye yumo tayari. Unashindana na wale 30. Wengi wao nakuhakikishia hawana Advansi (Hisabati kamili ya kidato cha sita) kabisa, wanatoka michepuo ya PCB na CBG na BAM (Hisabati ile nyepesi) mkononi. Usikate tamaa kabla fomu haijaingia.

#46 Nyota_ya_Alfajiri
Na vipindi vya Kompyuta anza kuhudhuria leo, kaa nyuma. Mhadhiri wa darasa la watu 80 hahesabu vichwa. Usikubali kupitwa wiki nne kama mimi.

#47 Mwana_Kilosa
Lakini usiache vya Ualimu! Bado ni mwanafunzi wa Ualimu mpaka barua itoke. Nimeona mtu kaacha test za kozi ya zamani akitegemea kuhama, kakosa kuhama, kaanza semista na sifuri.

#48 Pasi_Ndefu
Vipindi vya kozi mbili kwa pasi ndefu, binti jiandae 😅 Siyo utani, kula vizuri.

#49 Mzazi_Mwenza
Umeongea na baba?

#50 Binti_wa_Nansio
Nimempigia jana jioni kabla hajaenda ziwani. Nilimsomea ule ujumbe wa Mwalimu wa Ruvuma wote, na wa Mwana_Kilosa. Alikaa kimya nikadhani mtandao umekata. Akaniuliza, huyo wa matofali alimaliza? Nikamwambia alimaliza. Akasema rudisha fomu.

#51 Mwana_Kilosa
Mwambie mzee nilimaliza, na mama bado anauza mboga na mtaji umeongezeka.

#52 Mchumi_Mpole
Wakuu samahani kuingilia, mimi nina HGE (Historia, Jiografia, Uchumi) nimepangiwa Mipango Miji nataka Uhasibu, sina Hisabati advansi. Inawezekana?

#53 Kalamu_Nyekundu
Mchumi, kozi nyingi za biashara hukubali asiye na Advansi kama ana angalau D ya Hisabati ya kidato cha nne. Angalia kitabu cha mwongozo cha TCU cha mwaka huu, kozi na chuo chako. Fungua uzi wako tukusaidie vizuri, huu ni wa Binti.

#54 Binti_wa_Nansio
Fomu nimeirudisha leo saa 9 alasiri, sahihi mbili zote zipo, nakala nimepiga tatu. Wanaotoka Ualimu kwenda kule tuko 6. Majina yanabandikwa ubaoni wiki ijayo Jumatano. Kesho nina test ya Kalkulasi ya Ualimu saa 1 asubuhi, na saa 4 kipindi cha Kompyuta, nakaa nyuma.

#55 Fundi_Saa
Jumatano tuko hapa.